Sabaki si mto wa kuogelea, lakini Agosti ndiyo wakati wake

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 13, na tunaishi na mama yangu mzazi hapa Malindi. Kila likizo twenda ufuoni tu, mpaka watoto wamechoka. Kwenye simu wanaona watu wa nchi nyingine wamepiga hema kando ya mto, chini ya milima, wanavua samaki, wanapanda mitumbwi, wanaogelea, na kote kimya. Sisi tuna mto Sabaki, na twasikia kuna vilima huko bara. Agosti hii shule zikifungwa, twaweza kupata siku kama zile bila kusafiri hadi Mlima Kenya? Na mto wenyewe ni salama? Mama goti lamsumbua, lakini hataki kuachwa nyumbani."

Jibu: Dada yangu, nianze na maji, maana hapo ndipo penye roho za watu. Sabaki si mto wa kuogelea. Si wa kuchezea ukingoni, si wa kuosha miguu baada ya kutembea, wala si wa kuwapandisha watoto mtumbwi. Mamba wamo kuanzia Tsavo hadi huku chini karibu na bahari, na viboko wamo pia. Maji ni mekundu kwa udongo, kwa hiyo hata mwenye macho makali haoni kilicho shubiri moja chini yake. Mtawaona akina mama wakichota maji na wavuvi wameingia hadi magotini. Wale wanalazimika, na wanazijua sehemu zao kuliko mgeni yeyote, na bado kuna wanaojeruhiwa na wasiorudi. Ninyi hamlazimiki. Mkiwa kando ya mto, watoto wasiukaribie ukingo. Wakae hatua kumi na zaidi nyuma yake, na asiwepo mtu anayeinama majini hata kuosha kikombe.

Hilo likishaeleweka, jibu la sehemu ya pili ya swali lako ni ndiyo, tena kwa moyo wote. Siku za kimya kando ya mto, zenye kilima cha kupanda, zipo hapa hapa kwetu. Kinachotakiwa ni kuacha kuutaka Sabaki uwe kama ile mito ya kwenye simu. Mimi wageni wangu huwapangia hivi: mto tunautazama, kilima tunakipanda, na kuogelea tunakwenda kwingine. Familia ikilikubali hilo kabla ya kutoka nyumbani, safari nzima huwa rahisi.

Na mmechagua mwezi mzuri kuliko mnavyodhani. Agosti kusi, ule upepo wa kutoka kusini, bado linavuma. Bahari imechafuka, maji ya hifadhi ya bahari hayaonyeshi matumbawe vizuri, mchanga wa ufuoni unapigwa na upepo usoni. Watu wengi hulalamika kwamba Malindi haina raha mwezi huo, kumbe wanaangalia upande mmoja tu. Wageukie bara: masika yamekwisha, vuli haijaanza, jua halijawa kali kama la Februari na Machi, barabara za udongo zimekauka, na mto umeshuka kiasi cha kuacha fungu za mchanga ambazo ndege hutua. Kama mngeniuliza habari za Aprili au Mei ningewaambia mngoje.

Waelezeni watoto mto huu unakotoka, watautazama vingine kabisa. Huko juu unaitwa Athi. Unaanzia nyanda za juu za upande wa Nairobi, unapita Machakos na Makueni, unateremka hadi Tsavo. Huko unakutana na mto Tsavo, unaoanzia upande wa Kilimanjaro na kuongezewa maji na chemchemi za Mzima. Maji ya Mzima nayo ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu ikazama kwenye mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini mpaka ikatokea safi kama kioo. Baada ya makutano hayo mto unaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Ni wa pili kwa urefu Kenya nzima, baada ya Tana. Kwa hiyo milima ile watoto wanayoitamani imo ndani ya mto wao. Ndiyo sababu Sabaki hautukaukii hata kiangazi kirefu, na maji ya mabomba ya Malindi yenyewe yanatoka kwenye visima vya Baricho, kando ya mto huo huo.

Chanzo hicho cha mbali kina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mvua ikinyesha sana huko bara, mto hufura huku kwetu hata kama mbingu ya Malindi ni nyeupe na hujaona tone. Agosti si kawaida, lakini ukisikia habari za mafuriko Nairobi au Machakos, ahirisha kwenda mtoni kwa siku kadhaa. La pili, mto Nairobi nao unaingia humo pamoja na uchafu wa jiji. Usichemshe maji ya Sabaki kwa chai ukadhani moto umemaliza kazi. Moto unaua vijidudu, hauondoi kemikali. Bebeni maji yenu.

Sasa njooni mlangoni mwa mto, mahali ninapopapenda kuliko pote, na karibu kabisa nanyi: ni mwendo mfupi tu wa tuktuk kaskazini ya mji. Mkivuka daraja la Sabaki, kuna vijana wa kijijini wanaotembeza watu hadi mto unapokutana na bahari. Wachukueni. Wao wanajua leo fungu gani limelainika na tope, viboko wamelala wapi, na njia ipi haipiti kwenye mashamba ya watu. Malipo yenu kwao ndiyo yanayofanya kijiji kione faida ya kuwaacha ndege na viboko waishi.

Siku ya kwenda huko isipangwe kwa kalenda ya ukutani, ipangwe kwa mwezi wa mbinguni. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi hivi. Basi mkitoka daraja saa moja, mtakuwa mlangoni saa mbili na kitu maji yakiendelea kushuka, ndege wametawanyika kwenye tope wakila. Maji yakianza kurudi, nanyi mnageuza. Muulizeni mvuvi yeyote saa za kupwa na kujaa za siku hiyo. Atawajibu papo hapo. Msiende wakati maji yanajaa kwa nguvu, kwa sababu kuna vijito vidogo nyuma ya fungu ambavyo mtu huvivuka vikiwa vikavu, akageuka akakuta ni maji ya kiunoni yenye kasi. Na maji ya pale ni mahali mamba hupita.

Mtaona nini? Korongo, mwari, buabua kwa mamia, shakwe, vitwitwi wanaokimbia mbele ya mawimbi. Miaka mingine heroe nao hutua, wakiwa kundi la waridi juu ya maji ya kahawia. Na Agosti kuna jambo ambalo watu hutoka Ulaya kuja kulitazama, nasi wa Malindi hatulijui: ndege wadogo wa kahawia wanaozaliana Madagaska, ambao wakati wa kipupwe huvuka bahari na kuja pwani yetu. Mwezi wa Agosti na Septemba hukusanyika mlangoni mwa Sabaki kwa wingi usiopatikana mahali pengi duniani, kisha hurudi kwao. Mkae kwenye mchanga mkavu, mbali nao, msiwakimbilie. Mtoto wa miaka 9 mpe darubini yake mwenyewe hata kama ni ya bei ndogo. Mtoto aliyepewa kazi ya kuhesabu hanung'uniki kuhusu jua.

Vichuguu vya mchanga vya upande wa Mambrui navyo ni zawadi ya mto. Sabaki unabeba udongo na mchanga mwingi, bahari inausukuma kurudi nchi kavu, upepo unaupandisha. Ghuba ya Malindi imejaa mchanga kiasi kwamba majengo yaliyojengwa zamani ukingoni mwa maji sasa yako mbali na maji. Kijana wako wa miaka 13 ataelewa hapo kwa miguu yake mwenyewe kile ambacho mwalimu anakiita mmomonyoko wa udongo. Mchanga ule ulikuwa shamba la mtu huko juu.

Mama asitembezwe hapo. Mchanga laini ndio adui wa goti kuliko kilima. Mpelekeni Mambrui kwa gari, apumzike kivulini, aone lile kaburi la mnara la kale lililopambwa kwa vyombo vya Kichina, nanyi mtamkuta huko mkimaliza. Mkikaa pamoja kula mahamri yenu, mwambieni awasimulie watoto kuhusu ng'ambo ile ya mto. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza iliwataka Wagiriama wahame ukingo wa kaskazini wa Sabaki wahamie kusini, wakakataa, damu ikamwagika. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, alikuwa ameshakamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa Kisii kwa kuwaapisha watu wasiitii serikali hiyo. Wagiriama walirudi wakalima tena ardhi ile, na kaburi la Mekatilili liko Bungale, upande huo huo wa kaskazini, Magarini. Sipendi watoto wa Malindi wautazame mto ule kama mandhari tu, wasijue watu waliuawa kwa ajili yake.

Siku ya pili iwe Marafa. Barabara ni ile ile ya Mambrui hadi Gongoni, kisha mnaingia bara. Marafa ni bonde lililochimbwa na mvua na upepo kwenye mawe laini ya mchanga, kuta zake nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyoiva. Nguzo za udongo zimesimama peke yake katikati. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na watu matajiri wa mifugo waliokuwa wakikoga maziwa huku majirani wakiwa na njaa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa yao, wekundu ni damu yao. Mpeni muongozaji wa kijijini nafasi aisimulie yeye. Anaisimulia akiwa ameelekeza kidole mahali penyewe, na watoto hukaa kimya kabisa.

Saa ya Marafa ni alasiri. Mchana humo ndani hapapumuliki. Kuta zinashika joto na upepo haufiki. Fikeni saa kumi, teremkeni saa kumi na nusu, zungukeni polepole, mpande juu kabla ya jua kuzama ili mwone rangi zikibadilika kutoka ukingoni. Mteremko una utelezi wa changarawe, kwa hiyo viatu viwe vya kufunga, si ndara. Na tafadhali sana, msisimame kwenye midomo ya bonde kupiga picha. Udongo ule unaliwa na maji kutoka chini. Juu unaonekana mgumu, kumbe umebaki ganda. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo au jana yake, tazameni kutoka juu tu, msiteremke.

Uzuri wa Marafa kwa mama yako ni kwamba sehemu nzuri kuliko zote iko juu, karibu na gari linaposimama. Mchukulieni kiti cha kukunja na leso ya kujifunika upepo wa jioni. Yeye atayaona yale yale mtakayoyaona ninyi, tena kwa utulivu zaidi. Wazee niliokwenda nao huko ndio waliokuwa wagumu kuondoka.

Mlisikia kuna vilima bara, na ni kweli. Kilicho karibu na maarufu ni Mangea, magharibi ya Malindi, kusini ya bonde la Sabaki, kimo chake kimezidi kidogo mita 500. Si Mlima Kenya, lakini kimesimama peke yake juu ya nyika, na mtu akifika juu anaiona nchi ilivyolala: vichaka vya kijivu, mashamba ya mahindi, vijumba, moshi. Hiyo ni safari ya mtoto wa miaka 13 na mtu mzima mwenye pumzi; wa miaka 9 ataweza akiwa na mazoea ya kutembea, ila msimlazimishe. Fikeni kwa chifu au mzee wa mtaa kwanza, mjitambulishe, muombe mtu wa kuwapeleka. Misitu ya vilima kwa Wamijikenda si ya kila mtu kuingia atakavyo. Kuna sehemu za makaburi, za maombi na za dawa, ambazo hazina uzio wala kibao, na mwenyeji peke yake ndiye anayejua. Mkiambiwa hapa hapapitwi, zungukeni. Anzeni kupanda alfajiri inapopambazuka, na saa nne muwe mmeshashuka.

Msitu wa Arabuko-Sokoke nitausemea kwa ufupi, si kwa kuudharau, bali kwa sababu uko karibu nanyi na mnaweza kwenda siku yoyote. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Watoto waambieni watafute sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, anayekimbia juu ya majani makavu kwa kelele isiyolingana na ukubwa wake. Kuna pia bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 17 hivi tu, ambaye waongozaji wanajua tawi analolalia mchana. Msiingie bila muongozaji: ndani kuna tembo, na vichaka vimeshonana kiasi kwamba unaweza kuwa hatua chache kutoka kwake usimwone. Upande wa kaskazini, kule Jilore, msitu unakaribiana na bonde la Sabaki, na kuna ziwa dogo linalojazwa na mafuriko ya mto. Njia ya huko ni nzuri kwa baiskeli asubuhi. Kama kijana wako ana baiskeli, hii ndiyo siku yake.

Hapo Jilore, na kwenye bwawa lolote la maji baridi yaliyotulia mtakalopita, kuna hatari nyingine ambayo haina meno. Ni kichocho. Konokono wadogo wa majini huwatoa vijidudu ambavyo hupenya ngozi ya mtu bila maumivu, akiingiza miguu tu. Mtoto anaweza kukaa wiki nyingi ndipo akaanza kukojoa damu, na wazazi wakawa wameshasahau lile bwawa. Dawa ipo na inatibu, lakini kuzuia ni rahisi zaidi: msiingie. Mtoto akiwa ameshaingia, mfuteni haraka kwa kitambaa kikavu na mkumbuke kumpeleka kupimwa baadaye, hata kama anaonekana mzima.

Mna kiu ya mtumbwi na kuogelea, naijua. Basi nendeni Mida, kusini ya Gede. Ni mkono wa bahari ulioingia mikokoni, maji yake ni ya chumvi, na hapana viboko. Wenyeji wana mitumbwi na wana daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko hadi mahali pa kutazamia ndege. Kusi halipigi humo kama linavyopiga ufuoni. Kuvua kwa mshipi nako kufanyike huko, mkiwa na mvuvi wa pale. Kila mtoto avae jaketi la kuelea akiwa ndani ya chombo, hata anayejua kuogelea, hata kama nahodha anasema si lazima. Mkifika bila majaketi na chombo hakina, acheni chombo, tembeeni darajani.

Kuna siku moja zaidi ningeiongeza kama mfuko unaruhusu. Barabara ya Malindi kwenda magharibi inafuata upande wa mto hadi lango la Sala, kilomita 110 hivi, na hapo ndipo mnaingia Tsavo Mashariki, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948. Huko mto ni Galana, umetandaza mchanga mweupe katikati ya mikoma, na kaskazini yake umelala ukuta mrefu wa Yatta. Huo ni uwanda wa juu uliofanywa na mtiririko wa volkano wa zamani sana, urefu wake karibu kilomita 300. Hapo ndipo watoto watakapoipata ile picha ya mto uliopita chini ya mlima. Agosti nyika imekauka, kwa hiyo tembo hushuka mtoni kunywa, miili yao imepakwa vumbi jekundu la Tsavo. Endeleeni hadi maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la Frederick Lugard, Mwingereza aliyeufuata mto huu mwaka 1890 akielekea bara. Si maporomoko ya kuanguka kutoka juu. Ni mto mzima unaobanwa kwenye mwamba uliochongwa na maji mpaka unapiga kelele. Ni moja ya sehemu chache unazoruhusiwa kushuka garini. Mwamba ule una utelezi, na chini kidogo ya hapo mamba ni wengi. Shikeni watoto mikono, hata wa miaka 13, hata akiona haya.

Kwa mama, Tsavo ni siku rahisi kuliko zote, maana kazi yake ni kukaa garini na kutazama. Viingilio hulipwa kwa mtandao wa serikali kabla au langoni kwa simu, wala hawapokei fedha taslimu, na raia hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tokeni Malindi kabla ya adhana ya alfajiri au mara tu baada ya kuswali, muwe langoni mapema. Muhesabu saa zenu vizuri ili mtoke hifadhini kabla ya lango kufungwa jioni. Gari liwe la kuinuka kidogo kutoka chini, lenye gurudumu la akiba lililojazwa upepo. Hilo la gurudumu nalitilia mkazo kwa sababu watu wengi wanalo, lakini ukilibonyeza ni laini.

Nimeacha hema hadi sasa kwa kusudi, kwa kuwa najua ndilo watoto wanalolitaka zaidi, na ndilo linalotaka uangalifu zaidi. Usipige hema ukingoni mwa Sabaki au Galana mahali popote pasipo kambi rasmi yenye walinzi. Kiboko mchana yumo majini, usiku hutoka kwenda kula majani, na ana njia yake anayoifuata kila siku. Ukiona njia laini, pana, yenye mifereji miwili na tuta dogo katikati, na majani yamelala pande zote mbili, inayotoka mtoni kwenda juu, hapo ni kwake. Akikukuta kati yake na maji hatazunguka. Usipige hema kwenye mchanga mzuri wa mto mkavu wa msimu, hata kama panavutia namna gani, kwa sababu maji hushuka usiku bila taarifa. Usilipige chini ya mnazi.

Kwa mara ya kwanza nawashauri mlale kwenye kambi iliyopangwa, yenye choo, maji na mtu wa kukesha. Upande wa Galana zipo, na karibu na Arabuko-Sokoke muulizeni kituo cha msitu cha Gede watawaelekeza mahali panaporuhusiwa na malipo yake. Fungeni zipu ya hema muda wote, mchana na usiku; nyoka aitwaye bafe hupenda joto na kivuli. Asubuhi kila mtu akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Mbu wapo hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo chandarua au hema lenye wavu mzima. Na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Pikeni kwa jiko la makaa mliyobeba, msikate kuni mbichi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi na misitu tangu Juni 2020, basi maji yawe kwenye mtungi mkubwa na kila mtu na chupa yake ya kujaza. Mtu mzima akitembea nusu siku anahitaji lita 3, mtoto lita 2, na hayo ni ya kunywa tu.

Kuhusu kimya, ambacho nadhani ndicho moyo wa swali lako. Watu hudhani kimya hupatikana kwa kwenda mbali. Nimeona familia zimeendesha saa tano zikafika mahali pamejaa muziki wa magari. Huku kwetu kimya kina saa zake. Mlangoni mwa Sabaki saa moja asubuhi hapana mtu ila ndege na mvuvi mmoja. Marafa siku ya Jumanne mtakuwa peke yenu, Jumapili hamtasikilizana. Kwa hiyo chagueni siku za katikati ya wiki, maadamu ni likizo, na simu za watoto zibaki na mama garini kwa saa mbili za mwanzo. Baadaye watapiga picha zao.

Kama mna siku nne, zipangeni hivi: ya kwanza mlango wa Sabaki na Mambrui, iangukie kwenye bamvua, ya pili pumzikeni nyumbani asubuhi, alasiri Marafa, ya tatu Mida, ya nne Tsavo, na kama kuna kulala hemani iwe usiku wa kuamkia siku hiyo, upande wa Galana, ili asubuhi muwe karibu na lango. Mangea ibaki ya wewe na kijana wako mkubwa, siku ambayo mdogo anakaa na bibi yake. Mkikosa gari la Tsavo, wekeni Jilore na baiskeli badala yake, hamtajuta. Ila siku ya Marafa msiiondoe kwa sababu yoyote, maana ndiyo siku ambayo mama yako hatakuwa akiwangoja ninyi mrudi.